Mchele wa Mara Tatu

Tulimzika Tonton Nisim, mjomba wa mama yangu, Jumatano asubuhi, kaskazini mwa Dallas, na kufikia saa nane mchana nilikuwa jikoni kwa binti yake Viki, huko Plano, nikifuta vikombe ambavyo yeye alikuwa anaviosha. Sebuleni watu walikula mayai ya kuchemsha na kuzungumza kwa sauti za chini. Viki, bila kugeuka, aliniuliza kama ni kweli kwamba nyanya yangu alikuwa anaweza kutambua nafaka yoyote kwa vidole, macho yamefumbwa. Alisema baba yake alikuwa akiisimulia habari hiyo kila mwaka, Pasaka ya Wayahudi ikikaribia, na wajukuu walikuwa wameanza kumcheka. Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo. Akatikisa kichwa, akaendelea kuosha. Sikumdanganya, lakini pia sikumwambia yote, na njia nzima ya kurudi Euless, ninakoishi na kufanya kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege, nilikuwa nikijaribu kuupanga mwaka ule tangu mwanzo wake, kitu kimoja baada ya kingine, kama ninavyopanga mzigo.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na tuliishi Missouri City, pembeni mwa Houston, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili: Mama katika kimoja, mimi na Nkambo katika kingine. Nkambo ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyomwita nyanya, na sikuwahi kumwita kwa jina lingine, ingawa jina lake lilikuwa Rebeka. Mama alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa. Alirudi amechoka, akavua viatu mlangoni, na mara nyingi habari alizoleta zilikuwa za wazee hao: aliyeanguka bafuni, aliyesahau jina la mwanawe, mama mmoja aliyeletwa pale baada ya kuunguza jiko lake kwa sababu hakuona kwamba taulo lilikuwa karibu na moto. Habari hii ya mwisho aliirudia mara mbili, na mara zote mbili nilitazama sahani yangu. Mimi nilijua jambo ambalo Mama hakulijua. Nkambo alikuwa haoni.

Sisemi kwamba alikuwa kipofu kabisa. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu aliyepita mbele yake, basi. Jiko aliliendesha kwa masikio: alijua maji yamechemka kwa mlio wake na kitunguu kimeiva kwa harufu. Chumvi aliionja kwenye kiganja. Kutoka kitandani hadi bafuni zilikuwa hatua kumi na moja, na niligundua kwamba alizihesabu kwa sababu usiku mmoja nilisikia midomo yake. Barua zilipokuja nilimsomea, na Mama alipouliza jambo lililoandikwa kwenye karatasi, nilijibu mimi kabla yake, kwa Kiingereza, haraka haraka, hadi Mama akaanza kusema kwamba nimekuwa mtoto wa kuingilia mazungumzo ya watu wazima. Hatukuwahi kupatana na Nkambo kuificha siri hiyo. Aliniachia tu nafasi ya kumsaidia, nami nikaichukua, na tangu hapo sikulala vizuri. Kila nilipotoka shuleni nilitazama kwanza paa la nyumba yetu, kama kuna moshi.

Mwezi wa tatu, simu ililia na Nkambo akazungumza kwa muda mrefu akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Aliyepiga alikuwa Nisim, kaka yake. Lazima nieleze udugu huo, nao unaelezeka kwa maneno machache. Baba yao alikuwa Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes akafungua duka la vitambaa huko Lubumbashi, wakati mji huo bado ukiitwa Elisabethville. Nisim alizaliwa na mke wa nyumba hiyo. Nkambo alizaliwa na mpishi wa nyumba hiyo. Wote wawili walikulia ndani ya ua mmoja, mmoja akila mezani na mwingine jikoni, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Sasa walikuwa wazee wawili katika jimbo moja la Marekani, saa nne kwa gari kati yao, na Nkambo alikuwa amemwalika kula naye usiku wa kwanza wa Pasaka. Jibu lake nililisikia mwenyewe, kwa sababu Nkambo alishika simu mbali kidogo na sikio, kama kawaida yake.

"Nitakuja, Rebeka. Nitaikala na weye. Lakini chakula nitaleta yangu."

Alikuwa mtu wa kushika sheria za dini yake zote, na katika siku nane za Pasaka hakula kitu ambacho hakujua kimepikwa wapi na kwa mikono ya nani. Nkambo alimwambia hakuna shida, akarudisha simu mahali pake baada ya kupapasa mara mbili. Kisha akakaa, akaniambia polepole kwamba mtu huyo alikula mchele aliouchambua yeye kwa miaka kumi na miwili, mwaka hadi mwaka, na hawakuwahi kuketi meza moja hata siku moja. Huko Dallas, akasema, Wayahudi wengi aliokaa nao Nisim wametoka nchi za baridi, na hao hawali mchele kabisa wakati wa Pasaka. Watu wa Rhodes wanakula. Kwa hiyo Nisim alikuwa hajaonja mchele wa Pasaka tangu mama yake afe. "Atakuja na kifuko yake," alisema. "Mi nataka arudi nayo bila kuifungula."

Hilo ndilo alilolitaka, na kwa majuma matatu nyumba yetu ndogo haikuwa na jambo lingine. Tulinunua sufuria mpya, vijiko vipya na sahani nne, vyote vikakaa ndani ya boksi chini ya kitanda ili visiguse mkate wenye hamira, ambao ni mwiko wakati wa Pasaka. Nilikusanya maganda ya vitunguu katika mfuko wa karatasi, kwa sababu mayai ya Pasaka yalipaswa kuchemshwa nayo tangu asubuhi hadi jioni mpaka maganda yake yawe na rangi ya mbao. Tulikuwa tupike samaki, si nyama, kwa kuwa hatukuwa na mchinjaji ambaye Nisim angemkubali, ilhali samaki mwenye magamba hahitaji mchinjaji. Tende tulizisaga na kuzikoroga na lozi. Lakini yote hayo Nkambo aliyataja kama mtu anayetaja njia ya kwenda mahali. Mahali penyewe palikuwa mchele.

Mchele tuliununua kwenye duka la Wahindi, na mchana wa siku yenyewe tukatandika kitambaa cheupe mezani, karibu na dirisha. Nkambo alinieleza kazi. Unamwaga kiganja kimoja, unakitandaza, unasukuma punje moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, na chochote kisichokuwa mchele unakiweka kwenye kisosi. Tunachokitafuta hasa ni ngano, kwa sababu punje moja ya ngano ikilowa ndani ya sufuria, sufuria nzima haifai tena kwa siku hizo. Ngano inafanana na mchele, alisema, ila ni nene, ni ya kahawia, na tumboni ina mstari kama umekatwa kwa wembe. Mchele wote unapita mara tatu. Na ukipata ngano katika mara ya tatu, huhesabu tena: unaanza upya, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakati wa utoto wake kazi hiyo aliifanya na mama yake, kwenye meza ya jikoni. Alinishika kidevu akanielekeza uso kwenye kitambaa.

"Angalia muzuri, mwana. Macho yako njo macho yangu leo."

Nimefanya kazi nyingi tangu siku hiyo, nyingine za hatari, lakini sikumbuki nyingine iliyonitia hofu kama hiyo. Vilikuwa vikombe vinne vya mchele. Mara ya kwanza nilipata vijiwe viwili na kipande cha jani kavu. Mara ya pili nilipata mbegu moja nyeusi, ya mviringo. Nkambo aliketi mbele yangu, naye akasukuma punje kwa ncha za vidole upande wake, uso ukiwa umeinuliwa kuelekea dirishani, na kila kiganja alichomaliza alinisogezea nikipitie tena. Hakusema kwa nini. Jasho lilinitoka ingawa mashine ya baridi ilikuwa ikinguruma. Kila punje iliyokuwa na rangi kidogo niliinua, nikaigeuza, nikaitafutia mstari. Baada ya saa mbili, punje zote zilianza kuwa na mistari.

Tulikuwa tumebakiza kama robo ya mara ya tatu nilipomsikia Mama chumbani akizungumza na simu. Alikuwa na mtu wa kazini. Alisema chumba kimepatikana, cha chini, karibu na mlango, na kwamba afadhali mzee ahamie mapema kabla hajajiumiza. Baadaye nilijua kwamba alikuwa anamzungumzia mgonjwa wa zamu yake. Lakini wakati ule kuta zilikuwa nyembamba na mimi nilikuwa na mzee mmoja tu kichwani. Vidole vyangu viliendelea kusukuma punje kutoka kushoto kwenda kulia. Macho yalikuwa wazi. Sidhani kwamba niliona kitu. Nkambo aliuliza kama tumemaliza mara ya tatu, kama ni safi, nikasema ndiyo, safi. Akaomba kwa sauti ya chini maneno ambayo sikuyajua, akaubeba mchele, akauosha, akautia kwenye sufuria mpya pamoja na nyanya na mafuta.

Mimi nikakunja kitambaa. Kwenye mkunjo wa mwisho, upande wangu, palikuwa na punje moja. Ilikuwa nene, ya kahawia. Niliigeuza, na tumboni ilikuwa na mstari.

Nilijua kinachotakiwa. Ningemwambia, tungemwaga mchele ule, tungeosha sufuria, tungeanza upya. Lakini jua lilikuwa limeshateremka upande wa barabara, na Nisim alipaswa kufika kabla halijazama, kwa sababu baada ya hapo hasafiri kwa gari. Mchele mwingine haukuwepo. Na kama ningesema, Mama angetoka chumbani kuuliza kuna nini, na angetaka kujua kwa nini mtoto wa miaka kumi ameachiwa kazi ya macho peke yake wakati mtu mzima amekaa mbele yake. Punje hii ilitoka kwenye mchele. Ilikuwa ya mwisho, au ndani ya sufuria zilikuwamo nyingine? Niliifumba kiganjani. Kengele ya mlango ikalia nikiwa bado nimeifumba.

Tonton Nisim alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, mwenye miwani nene na koti lililobana tumbo. Alizungumza Kiswahili cha Lubumbashi upesi kuliko Mama. Alimsalimia Nkambo kwa kumtaja jina tu, naye Nkambo akamtaja jina, wakasimama hivyo, kila mmoja akimngojea mwenzake. Kisha akauliza kama bado ni mkaidi kama zamani, na Nkambo akamjibu kwamba na yeye anaonekana bado anakula kwa watu wawili. Mama alicheka. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wa kushoto wa Tonton. Alikuwa ameshika kifuko cheusi chenye zipu, na hakukiacha mlangoni pamoja na mto wake wa kulalia, bali alikileta hadi mezani, akakiweka sakafuni kati ya miguu yake.

Alisoma sala zake, nyingine kwa lugha aliyoiita ya nyumbani, na Nkambo akashangaza kila mtu kwa kuimalizia mistari. Alijifunza kupitia mlango wa jikoni, alisema. Nisim aliinamisha kichwa. Alikula mkate wao mkavu usio na hamira, alioutoa kwenye boksi tulilonunua dukani ambalo halijafunguliwa. Alikubali tende. Alikubali yai, akaligeuzageuza akitazama rangi yake. Samaki alimtazama tu. Kisha Mama akaleta mchele, Nkambo akapakua yeye mwenyewe, akipima ukingo wa sahani kwa kidole gumba, na mvuke ukapanda kwenye miwani ya Tonton. Aliivua akaifuta. Nilimwona anavuta pumzi kwa pua. Lakini hakushika kijiko. Mkono wake ulishuka chini ya meza, upande wa kifuko.

"Muchele mulichambula mara ngapi?" aliuliza.

Aliniuliza mimi, labda kwa sababu nilikuwa ninamkodolea macho. Nkambo alikuwa ameketi wima, mikono pembeni mwa sahani. Nilitaka kusema tatu. Badala yake nikafungua kiganja juu ya meza.

Nilieleza kwa sauti ambayo sikuitambua kwamba niliipata kwenye kitambaa, baada ya mchele kuingia jikoni. Mama aliuliza ni nini hicho, kwani ni punje tu. Tonton aliichukua, akaisogeza karibu na taa, akavaa miwani, akaivua tena, akaisogeza mbali. Akakiri kwamba na yeye haoni tena vitu vidogo, ni mwaka wa pili sasa. Nilidhani basi atainama avute zipu. Badala yake aliunyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa dada yake, akauchanua, akaiweka punje katikati.

"Weye ulijua hivi vitu kupita bote. Njo nini?"

Nkambo hakuinamisha uso. Kidole gumba chake kiliigeuza punje mara moja, kikasimama, kikaigeuza tena. Mama alikuwa ameacha kutazama punje, anamtazama mama yake machoni, macho ambayo hayakwenda kwenye kiganja. Niliona sura yake ikibadilika, na nilijua kwamba siri yetu imekwisha. Nkambo naye nadhani alijua. Aliitia punje mdomoni, akaivunja kwa meno ya mbele, akaitafuna bila haraka, akameza.

"Mupunga," alisema. "Mashine ya Wahindi haikobole muzuri. Kula, inapoa."

Tonton Nisim alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachukua kijiko. Alikula kijiko cha kwanza macho yamefumbwa, cha pili vilevile, halafu akala kama mtu wa kawaida mwenye njaa, na samaki pia, na alipomaliza akasogeza sahani kwa dada yake bila kuomba, kama mtoto, naye akamwongezea. Walizungumza hadi sikuweza kufuata majina yote. Kifuko kilibaki sakafuni. Asubuhi ya pili, nilipoamka, kilikuwa kando ya mto wake, na zipu yake ilikuwa bado imefungwa.

Mimi niliamini. Nilijiambia kwamba sikuona vizuri, kwamba baada ya saa mbili kila punje ilikuwa na mstari. Mtoto akiondolewa mzigo hachunguzi umeondolewa kwa njia gani. Na mambo mengine yalikuja upesi: juma lile lile Mama alimpeleka Nkambo kwa daktari, bila kumgombeza, akiwa amemshika mkono tangu kwenye gari, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, jambo linalopasuliwa kila siku. Majira ya joto walimpasua jicho moja. Hakuna aliyempeleka kwenye chumba cha chini karibu na mlango. Miezi yote ile ya kuhesabu hatua na kutazama paa nilikuwa nimeogopa ugonjwa wenye dawa. Nisim alipiga simu kila Ijumaa mchana. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alisema, bila kuulizwa, kwamba atakuja tena, na kwamba mkono mmoja utakuwa na mto na mwingine hautakuwa na kitu.

Kwa hiyo tukatandika kitambaa tena mezani, karibu na dirisha lile lile. Nkambo alikuwa na miwani mpya na aliinamisha uso sasa, akisukuma punje upande wake kwa kasi iliyonitia aibu. Sikuwa na hofu. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nikiimba wimbo wa redioni. Kwenye kiganja cha tatu cha mara ya kwanza nilikutana na kitu ambacho sikukijua: punje ndefu, ya njano, iliyovaa ganda kavu lenye vinyweleo, na ncha yake ilinichoma kidole. Nilimwonyesha nikamuuliza ni nini.

"Mupunga," alisema.

Niliacha kuimba. Niliigeuza punje ile, nikaigeuza tena, nikapitisha ukucha juu yake kutoka ncha hadi ncha. Ilikwaruza pande zote. Tumboni haikuwa na mkato wowote. Hata mtu aliyezaliwa bila macho, akiishika mara moja, asingeichanganya na ngano. Nimesoma baadaye, peke yangu, kwamba sheria hasa ni juu ya nafaka iliyolowa ikaanza kuchacha, na kwamba punje kavu ina mjadala wake, lakini nyumbani kwetu hatukuwa na mjadala. Ngano ilikuwa ngano, na yeye aliitafuna usiku wa kwanza wa Pasaka, mbele ya mwana wa baba yake, ili huyo aweze kula.

Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, kwa jicho lake zima, kupitia miwani. Hakuuliza ninafikiri nini. Aliichukua punje ya mpunga kutoka kiganjani mwangu, akaiweka kwenye kisosi, akamwaga mchele mwingine mbele yangu na kuutandaza.

"Chambula, mwana," alisema. "Inabakia mara mbili."